Upande Wangu wa Shuka

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Sisi huku Gisenyi miaka hatuihesabu kwa kalenda, tunaihesabu kwa sufuria. Kulikuwa na mwaka wa viazi vidogo kama macho ya mbuzi, kulikuwa na mwaka wa maharage yasiyoiva hata ukiyaapia, halafu ukaja huo: unga wa mahindi wa njano, wa misaada, uliouzwa sokoni kwa kikombe, ugali wake ukikaa tumboni kama jiwe la volkano. Sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Ukiona sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, kwenye sahani ya mtu, ujue ameoa au ameiba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Vita ilikuwa imesema inaondoka, lakini viatu vyake vilikuwa bado mlangoni. Atakayetaka tarehe aulize waliosoma.

Mi nilisoma mpaka darasa la tatu. Herufi zangu ni kubwa kama viatu vya askari, lakini zinatembea. Nawaandikia ninyi wasichana wa chumba cha nguo, mlioniaga juzi na keki. Mshahara siuandiki, uliliwa. Vyeo siviandiki: nilianza kwenye beseni, nimemalizia kwenye beseni, na wajukuu wangu wote wamesoma kwa povu lile. Mmoja ni muuguzi. Kama kwenu kuna muuguzi, niiteni nije nimwone.

Siku ya kwanza, miaka mingi kabla ya unga huo, niliingia kwenye nyumba ya wageni pale chini ya kilima cha Nengo, bustani yake ikishuka mpaka ziwani, nimevaa viatu vya kuazima. Mkubwa wa wafuaji alikuwa mwanamke mrefu, mweusi kama sufuria ya zamani, amekunja mikono ya blauzi mpaka mabegani. Hakunisalimu. Alisema, "Leta mikono."

Nikampa. Akaigeuza kama mtu anayenunua samaki.

"Hizi ni za kulima," akasema. "Bon. Zitalainika ao zitaoza. Tutaona."

Huyo ndiye Dafroza. Alikuwa mtu wa Ijwi, kile kisiwa kikubwa katikati ya ziwa, upande wa Kongo. Mbingu ikiwa safi alikuwa anakionyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na sabuni: "Kwetu iko pale. Inalala kama mamba imeshiba." Nilimwita Ya Dafroza, yaani dada mkubwa, na mpaka leo nikiongea peke yangu namwita hivyo.

Aliyonifundisha nawaachia, kwa sababu mashine yenu haijui kitu. Maji ya ziwa yanakula sabuni: fua kwa hayo ukipenda, lakini suuza kwa maji ya mvua. Upepo ukitoka upande wa mlima, anua, hata kama nguo zina maji, maana Nyiragongo ikikohoa majivu yanatua kwenye shuka kama pilipili. Bulu, ile rangi ya kung'arisha nyeupe, ni tone, si kikombe. Shuka ya buluu ni ya hospitali. Pasi ya makaa ipulizie ukiwa umeipa nguo mgongo. Damu, maji baridi. Divai, chumvi, na usimtazame mgeni usoni. Na hili alilirudia mpaka nikalichukia: usikunje shuka yenye unyevu. "Hata kama imebaki kidogo kwa pindo," alisema, "ukikunja, umeizika. Ndani inaoza, nje inakuangalia tu."

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kukamua. Shuka ya kitanda kikubwa ikilowa ni nzito kama mlevi. Mtu mmoja haiwezi. Mnashika kila mtu upande wake, mnarudi nyuma mpaka ivutike, mnasokota, huyu huku, huyu kule, na maji yanaanguka katikati yenu. Mwenzako akiachia ghafla unakaa kwenye matope na wageni wanakuona. Kwa hiyo katika shuka mnajuana. Nilijua kwa kamba ile ya nguo kwamba Dafroza ana homa, kwamba Dafroza amekasirika, kwamba Dafroza anacheka ingawa amenipa uso wa mawe. Yeye naye siku moja aliacha kusokota akaniambia, "We iko na mimba." Nilikuwa sijamwambia hata mume wangu.

Wageni walikuja hata miaka ile mibaya, wachache, wengi wao watu wa mashirika waliochoka na waliyoyaona. Walikaa ukingoni mwa ziwa wakisema: ni kimya hapa, ni pazuri. Mama mmoja wa Ulaya alilia mbele ya maji, akatuambia kwa Kifaransa chake kwamba hajawahi kuona mahali patulivu hivi. Dafroza akaninong'onea, "Atoke kwao kote kule, alipe ndege, juu ya kimya? Angeniambia, ningefunga kinywa yangu bure."

Lakini tulipokuwa tunaanua, akasema, "Kama ni kimya anatafuta, aende Ijwi. Hapa ni makelele tu. Siku moja nitakupeleka. Utalala kwa shuka nimefua mi, utakula mananasi kama madamu."

Nilicheka. Mi nilikuwa sijawahi kutoka nchini kwa kutembea. Goma nilienda, lakini Goma si safari, ni kuvuka barabara.

Basi, mwaka huo wa unga wa njano, Dafroza akaomba likizo. Mdogo wake wa kiume, Bahati, alikuwa ametuma habari kwamba binti yake Furaha amepata mchumba, na kwao binti hatolewi bila shangazi. "Naenda kuhesabu meno ya huyo bwana," Dafroza alisema. Siku ya kuondoka tulikuwa tumeshika shuka. Wanawake wa kuvuka naye mpaka walimwita kutoka getini. Hakuachia. Alitembea na upande wake mpaka kwenye nguzo ya kamba, akaufunga pale kwa fundo, akajifuta mikono.

"Shika upande wako," akaniambia. "Usiachie. Mi narudi."

"Nenda, mukecuru, usinipotezee siku," nikamjibu. Mukecuru ni bibi kizee, na alikuwa hajafika huko. Ndiyo maneno tuliyoachana nayo.

Boti ya moteri iliondoka Goma imejaa. Upepo ukaichukua. Watu wengine waliokotwa wazima, wengine maji yaliwaleta kwenye fukwe za huku na za kule. Dafroza hakuonekana na wazima, hakuonekana na wafu. Nilikwenda Rubona bandarini nikauliza kila chombo kilichofika: mama mrefu, mikono laini kama ya mtoto mchanga? Wavuvi wa Rubona ni watu wa matusi na utani. Siku zile hawakunitania. Hapo nikaogopa.

Mvua zilipoanza, Bahati alinitumia neno kwa wanawake wanaoleta mananasi: njoo, tunamaliza kilio. Dada yetu hakuzaa, mume wake alikwisha kufa. We ndiye ulikula naye sahani moja. Usipokuja hatuwezi kumaliza.

Ninyi mnajua kunawa mikono. Huku kwetu mtu akizikwa, walioshika udongo wananawa pamoja, ndipo watu wanarudi kwenye maisha yao. Kwao Bahati sheria ni kali zaidi. Mpaka watu wa karibu wa marehemu wote wanawe kwenye beseni moja, maji hayamwagwi. Na maji yasipomwagwa, nyumba ile haioi wala haiozeshi. Nilikuwa nayajua hayo nilipofunga mzigo. Ndani ya mzigo niliweka shuka moja nyeupe niliyoifua mwenyewe na kuisuuza kwa maji ya mvua. Ya kitanda cha Dafroza. Mtu akienda kwenye kilio anabeba unga au maharage. Mi nilibeba shuka ya mtu kulalia.

Grande Barrière, pale mpakani, upande wa Goma, askari aliangalia karatasi yangu.

"Mama, unaenda kufanya nini Ijwi?"

Neno la kilio lilikataa kutoka. "Kutembea," nikasema.

"Kutembea! Na hii vita yote?"

"Wanasema iko kimya. Iko muzuri."

Akaniangalia miguu, kandambili zangu, akagonga muhuri. "Haya, mutalii. Utanisalimia mananasi."

Ndivyo nilivyosafiri mara yangu ya pekee. Kwenye boti nilishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi, na sikuangalia maji. Nilihofia kumwona, nilihofia kutomwona. Halafu kisiwa kikaja.

Wasichana, pale ni pazuri. Lazima niseme ukweli. Vilima vinaingia majini kama ng'ombe wanaokunywa. Migomba inashuka mpaka kwenye mawe, maji yake ya kijani, unaona chini kila kokoto. Hakuna gari. Hakuna mtu anayepiga kelele. Kuna ndege mdogo mweusi na mweupe anasimama hewani, anapiga mbawa, halafu anaanguka kama jiwe na kutoka na samaki. Harufu ya kasikisi, pombe ya ndizi, inakupokea kabla ya watu. Wanawake wameanika nguo juu ya ua wa majani, na mlima wetu uko mbali, hauwafikii na majivu yake. Nikawaza: hii ni nchi ya kuanika. Ningeanika shuka nyeupe hapa asubuhi, jioni iko vilevile. Nilikasirika. Mahali kama pale palikuwa na haki gani ya kuwa pazuri hivyo, na mwenyewe hayupo?

Bahati alikuwa na urefu wa dada yake na kidevu chake. Alinipokea kwa mikono miwili. Ndani, juu ya mkeka, walikuwa wamelaza shina la mgomba, limekatwa kwa urefu wa mtu. Ndiyo desturi yao mtu asipopatikana: wanazika mgomba badala yake, apate mahali pa kukaa. Wanawake waliona shuka yangu, wakasema Mungu ameileta. Wakanipa heshima ya kulifunga shina mimi.

Nililifunga. Nilifunga kama tulivyofundishwa kufunga vitanda, kona kali. Shina lilikuwa bado bichi, linatoa maji. Mfuaji yeyote anajua utomvu wa mgomba: hautoki. Si kwa sabuni, si kwa jivu, si kwa limau na jua. Kabla hatujafika shimoni shuka ilikuwa imelowa mabaka, ambayo kesho yake yangekuwa ya kahawia kama kutu. Wote walikuwa wanalia, na mi nilikuwa naangalia yale mabaka. Dafroza angetufukuza wote kwa ufagio. Hapo ndipo nilipojua, kwa mikono si kwa kichwa, kwamba aliyemo ndani si yeye. Nilikuwa nimemshika mtu yule kwa shuka miaka mingi. Uzito wake naujua.

Nilitupa udongo kama wengine. Tukarudi uani. Likaletwa beseni la bati, maji na majani ndani yake, na Bahati akalisukuma mbele yangu kwanza.

"Nawa, dada."

Nikaangalia mikono yangu, udongo mwekundu na utomvu.

"Mi sinawi," nikasema. "Bado nimeshika upande wangu."

Hawakuelewa. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kofi: "Ee! Mufuaji wa nguo anaogopa maji!" Watu wakacheka, maana kwenye kilio kicheko kikipata ufa hakibishi hodi. Bahati hakucheka.

"Dada, unajua unatufungia nyumba?"

"Mumezika mugomba," nikamwambia. "Nimeufunga kwa mikono hii. Ile haiko Dafroza. Shuka iko na maji bado, we unataka kukunja."

"Na akikosa kurudi miaka yote?"

"Basi miaka yote."

Furaha, yule mchumba wa watu, akanishika mkono akanivuta nyuma ya jiko. Msichana mdogo, macho yamevimba. Aliuchukua mkono wangu na uchafu wake wote akauweka tumboni mwake, chini ya kitenge. Mtoto akapiga teke.

"Tantine, kwao bwana hawawezi kuingia nyumba ya kilio kuleta ng'ombe," akasema, akiniita shangazi. "Mutoto atazaliwa hapa bila jina ya baba yake. Watamucheka maisha yake yote. Nawa, tantine, juu yangu. Ni maji tu."

Ni maji tu! Akaniambia mimi. Lakini teke lile lilibaki kwenye kiganja changu. Nilirudi uani, nikainama mbele ya beseni. Nikaona uso wangu kati ya majani. Nikaiambia mikono ishuke. Mikono hii, ambayo imeshuka kwenye maji ya barafu ya alfajiri, kwenye jivu, kwenye damu za watu nisiowajua, ilikataa.

Nikasimama. "Munitoe," nikamwambia Bahati.

"Tukutoe wapi?"

"Kwa watu wake. Semeni mi si mutu ya Dafroza. Semeni ni mugeni tu, wa Rwanda, alikuja kutembea, kuangalia ziwa. Mugeni hanawi. Munawe ninyi, mumwage maji, Furaha aolewe."

Bahati akaangalia ziwa. Ndege yule akaanguka majini, tukasikia hata kishindo chake.

"Mutu tukimutoa, hatumurudishe," akasema polepole. "Hatutakuita kwa harusi. Hatutakuita kwa kilio. Kaburi hii hutaikanyaga tena. Na yeye alipenda kukutaja, dada. Kila likizo, ni we tu kwa kinywa yake. Unaelewa vile unaomba?"

"Naelewa. Akirudi, ataniita yeye mwenyewe."

Akasimama, akawageukia watu wake. Akasema kwa nguvu kwamba huyu mama si mtu wa marehemu, ni mgeni aliyepita njia, alisikia kisiwa ni kizuri akaja kukiona. Wakanawa wote. Furaha alinawa wa mwisho, analia. Maji yakamwagwa chini ya migomba, na mi nimekaa pembeni, mikono mapajani, kama watalii wanavyokaa.

Kwa desturi, kule na huku, mgeni anasindikizwa. Mi nilishuka peke yangu. Nikakaa juu ya jiwe kusubiri boti, mbele ya maji yale ya kijani, na kimya kile ambacho watu wanalipia ndege. Nikamkumbuka yule mama wa Ulaya aliyelia bustanini kwetu. Sikumcheka tena. Labda naye kuna mtu alikuwa amemshikia upande.

Barrière nilimkuta askari yuleyule.

"Mutalii! Ilikuwa muzuri?"

"Muzuri sana."

"Na mananasi yangu?"

Nikamwonyesha mikono yangu mitupu. Akaona udongo, akaona utomvu, akaacha kucheka, akanifungulia njia bila kusoma karatasi.

Msiniulize kama udongo ule niliuacha mikononi. Kesho yake nilikuwa kwenye beseni, kazi ni kazi, na maji ya kazi hayaulizi nani amekufa. Kunawa ni kitu kingine. Tangu siku hiyo nilifunga upande mmoja wa shuka kwenye nguzo na kukamua peke yangu. Waliletwa wasichana wa kunisaidia, wazuri, wenye nguvu. Niliwapa foronya. Mlinisikia nikiitwa mkaidi, na ni kweli nguzo ina kasoro: haisokoti, inakuangalia tu. Lakini haikuniangusha matopeni hata siku moja.

Furaha aliolewa kabla ya kujifungua. Niliambiwa na wanawake wa mananasi. Alizaa msichana, jina hawakunitajia, na mi, mgeni, sikuwa na haki ya kuuliza. Ila kila msimu nanasi moja linawekwa kwenye geti la nyumba ya wageni, limefungwa kwenye kitambaa kilichofuliwa vizuri, na hakuna aliyelileta. Nalila lote mwenyewe. Kitambaa nakifua, nakisuuza kwa maji ya mvua, nakiweka getini, nacho kinaondoka.

Sasa, siku ile ya kuniaga. Mlikuwa mmejipanga, mmevaa vizuri. Klodina, ambaye ni mdogo kwenu wote, akapiga magoti mbele yangu na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo begani, sabuni ya harufu ya waridi. "Nyogokuru," akaniambia, bibi yangu, "nawa mikono, kazi imekwisha. Pumzika." Mkapiga makofi. Ilikuwa fikra nzuri, ya watoto wazuri, na wala hakuna aliyewaambia. Mkaniona nimesimama, naangalia dirishani, nje kwenye nguzo ya kamba. Mkadhani nalia kwa furaha. Klodina akanyanyua beseni karibu zaidi, akanibembeleza: "Nyogokuru, ni maji tu."

Mtoto huyu hakukosea kitu, na nimesikia alilia jikoni. Klodina, hili nimekuandikia wewe kwanza, kisha wengine. Beseni lako lilikuwa safi. Ningeweza kukudanganya nikachovya vidole. Lakini hii ni kazi yako ya kwanza, aliyekufundisha ni mi, na mi sifundishi kukunja shuka yenye maji. Niliyokujibu siku ile ndiyo niliyowajibu kule, na atakayeniletea beseni siku nyingine nitamjibu hayohayo:

"Mi sinawi. Bado nimeshika upande wangu."